Sampuli ya Mdogo Wangu

Mwaka niliorudi Sumbawanga, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mbegu za wanaume wengine kwapani. Nasema kwapani kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa. Unapewa kikopo kidogo cha plastiki kilichokwisha kufungwa vizuri, unakitia ndani ya shati, unakibana karibu na ngozi, unafunga koti juu yake, kisha unapanda pikipiki. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Ufipa unakata masikio, na mbegu hazipendi baridi. Zikipoa zinalegea, halafu anayezipima anadhani zimelegea kwa ugonjwa, kumbe zimelegezwa na njia. Na tulikuwa na saa moja tu tangu mtu atoe hadi kikopo kifike mezani.

Mezani kwa daktari, maana yake. Alikuwa mwanamke wa umri unaokaribiana na wangu, Mnyakyusa wa Mbeya. Baba yake aliwahi kuhamishiwa Sumbawanga kikazi, na yeye akasoma shule ya msingi hapa miaka michache kabla hawajahama tena. Hakuwa daktari wa kutibu, alikuwa mtafiti. Alipanga nyumba Malangali, chumba cha ndani akaweka hadubini, kompyuta na kikabati cha kutunza joto. Alitaka kujua mbegu za wanaume wa huku zinatembeaje: ngapi zinakwenda mbele, ngapi zinazunguka palepale, ngapi zimelala. Alikuwa anawalinganisha wanaume wa juu, kwenye baridi yetu, na wale wa bondeni, Muze na Mtowisa, wanaoinama kwenye majaruba ya mpunga jua likiwachoma mgongo. Wa bondeni tuliwafuata hukohuko na hadubini ndani ya sanduku.

Mimi alinichukua kwa sababu nina pikipiki, nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Sikuwa na kingine cha kumwonyesha. Nilikuwa nimeuza mitumba Tunduma, nimepasua mbao, nimechimba dhahabu upande wa Mpanda hadi shimo likajaa maji, nimelala nyumba za kupanga katika miji ambayo mingine nimesahau hata mitaa yake. Kila nilipokuwa niliikumbuka Sumbawanga, na kila niliporudi niliona imeanza kunibana. Nilikuwa naikumbuka ile ya zamani, ya barabara ya vumbi, safari ya Mbeya ikichukua siku nzima na masika ikichukua mbili. Sasa ni lami, na mtu anakwenda Mbeya na kurudi kama anakwenda kisimani. Sikuwa na sababu ya kusikitika kwa hilo, lakini nilisikitika.

Mtaani waliniita Bwana Mbegu.

"Bwana Mbegu, leo umebeba za kienyeji au za kisasa?" wananiuliza pale kijiweni kwa waendesha pikipiki.

"Nimebeba za jirani yako."

"Hizo usipande, ndugu yangu. Hizo hata mvua inyeshe miezi sita hazioti."

Wote wanacheka, na mimi nacheka. Baada ya siku mbili yule yule aliyeuliza ananikuta peke yangu nyuma ya mashine ya kusaga, anajikuna shingo, ananiuliza kama ile karatasi yangu ya kujiandikisha bado ipo. Wengi walikuja hivyo. Nilijifunza kutowauliza kitu.

Siku ya kwanza daktari aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nilitegemea kuona viluwiluwi wa dimbwini. Nilichoona kilikuwa kama mnada wa ng'ombe zizi likivunjika, vitu vyenye mikia vinakimbia kila upande, vingine vinagongana, vingine vinatikisa kichwa mahali pamoja kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Nilikaa pale muda mrefu hadi akaniambia niondoke kwenye kiti chake.

"Na zikiwa haziendi, unajua kwa nini haziendi?" nilimuuliza.

"Wakati mwingine. Homa kali inaweza, joto linaweza, ugonjwa wa zamani unaweza. Mbegu moja inatengenezwa kwa zaidi ya miezi miwili, kaka, kwa hiyo homa ya mwezi juzi unaiona leo. Lakini kwa wanaume wengi jibu langu ni kwamba sijui. Ndiyo maana nipo hapa."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu aliyesoma akisema hajui.

Kila mwanamume niliyemwandikisha nilipaswa kumsomea karatasi ya maelekezo. Kaa siku mbili hadi saba bila kukutana na mwanamke. Nawa mikono, kausha. Toa kwa mkono, moja kwa moja ndani ya kikopo. Usitumie mafuta, usitumie sabuni, usitumie mate, usitumie kondomu. Andika saa. Nilisoma maneno yale mara nyingi mno, mwishowe nikawa nayasoma kama litania, mdomo ukiwa mbele na akili iko nyuma inatafuta mahali pa kukaa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini hiki au kile kimekatazwa. Na mimi sikumuuliza daktari. Nilidhani ni usafi tu.

Mdogo wangu alikuwa amenisikia nikisoma ile karatasi kwa watu wengine kabla hajaniambia kwamba naye anataka.

Nimemzidi miaka mitatu. Tulikulia blanketi moja, na asubuhi za baridi yeye ndiye aliyeamka kuwasha moto, ingawa mimi ndiye mkubwa. Mimi niliondoka, yeye akabaki na mama na shamba: mahindi, ulezi, maharage kidogo. Ni mwenyekiti wa jumuiya yao, mtu wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kutoka. Alioa msichana wa Muze, na hadi mwaka huo walikuwa wamekaa miaka tisa bila mtoto. Mimi nina binti Tunduma kwa mwanamke ambaye hatukuoana, binti ninayemwona kwa msimu. Mdogo wangu hajawahi kunisema kwa hilo hata siku moja. Afadhali angenisema.

Mama alikuwa na lake. Hakumtukana shemeji yangu, mama si mtu wa matusi. Ila ulezi wa kupanda ulikaa chumbani kwake ndani ya kapu, na siku ya kupanda alikuwa anaamka na ugonjwa wake wa miguu, anakwenda shambani akijikokota, anarusha mbegu mwenyewe. Shemeji alipewa kufukia. Mama alisema ulezi ukirushwa na mkono wa mwanamke asiyezaa unatoa masuke matupu. Sijui kama ni mila ya watu wa zamani au ni ya mama peke yake. Wanawake wa jirani walikuwa wanapita njiani wanaliona hilo, na kila mwaka lilikuwa ni tangazo.

Basi siku moja mdogo wangu alinifuata nikiwa nafunga mnyororo wa pikipiki.

"Kaka, ile shughuli yenu. Mtu akitaka anafanyaje?"

"Anajiandikisha. Nampa kikopo, anatoa, naondoka nacho."

"Anatoa kwa mkono."

"Kwa mkono."

Alikaa chini juu ya gogo. "Hapo ndipo nashindwa. Hiyo ni dhambi, kaka. Jumapili nitapokeaje komunyo? Na mbele ya jumuiya nasimama vipi?"

"Nenda kaungame."

"Huwezi kwenda kutenda dhambi huku umeshapanga siku ya kuiungama. Padri si mtoto."

Nilikuwa nimezunguka sana, nilidhani najua njia za kila kitu. Nikamwambia: "Basi tumia kondomu, na mkeo, nyumbani kwako. Ukimaliza mimina kwenye kikopo."

"Hiyo nayo inazuia. Ni ile ile."

Alichora chini kwa kijiti. Halafu akasema kitu ambacho nilicheka nikikisikia, naye akacheka kidogo.

"Tukiitoboa kwa sindano. Tundu dogo. Hapo haijazuia, si ndiyo? Kuna zitakazopita. Tendo linabaki la ndoa, na nyingine zinabaki kwa daktari."

"Wewe ungekuwa wakili," nilimwambia.

Nilichukua kondomu kwenye boksi la bure la zahanati, mimi mwenyewe, nikampa. Karatasi ya maelekezo nilimwachia asome. Sikumsomea. Kwa wanaume nisiowajua ningeweza kutamka maneno yale bila kutikisika, lakini kwa mdogo wangu, na shemeji yangu akiwa jikoni anachochea mboga, mdomo ulikataa. Na lile neno kuhusu kondomu nililijua. Nililipita kama unavyolipita jiwe barabarani ambalo umelizoea.

Asubuhi ya siku ile alinikabidhi kikopo mlangoni bila kuniangalia. Nilikitia kwapani, nikafika kwa daktari ndani ya dakika kumi. Fomu ilikuwa na mstari unaouliza sampuli imetolewa kwa njia gani. Niliandika "kawaida".

Majibu daktari aliwapa wenyewe, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Siku ya mdogo wangu nilikuwa nje nafuta vumbi kwenye tairi. Alitoka na shemeji nyuma yake, wakapita wote wawili bila kunisemesha. Baadaye daktari alinieleza, kwa kuwa mdogo wangu alikubali nijue. Mbegu zilikuwapo, nyingi tu, na hakuna hata moja iliyosogea. Alizitia rangi ya kupimia uhai, zote zikaonekana zimekufa. Alimuuliza mara mbili kama alifuata maelekezo, akajibu, "Kama ulivyoagiza." Akamwambia sampuli moja haitoshi kuamua, arudie baada ya wiki chache.

"Sidhani kama alisikia hilo la kurudia," daktari alisema. "Alisikia neno moja, yakaishia hapo."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mdogo wangu alimwita baba mdogo aje nyumbani. Tulikaa sebuleni, mama kwenye kiti chake, shemeji mkekani karibu na mlango, mahali alipozoea kukaa, kama mgeni anayeweza kuambiwa aondoke. Mdogo wangu hakukaa.

"Mama, miaka tisa mke wangu amebeba maneno. Daktari ameangalia. Ni mimi. Mbegu zangu zimekufa. Kama kuna mtu wa kusemwa humu ndani, nisemwe mimi."

Baba mdogo alikohoa akaangalia kofia yake. Kisha mama akamwambia shemeji, "Njoo ukae hapa, mwanangu," akisogeza kigoda karibu na miguu yake. Shemeji alihama kutoka mlangoni akaenda akakaa. Alikuwa analia bila sauti, na mama alikuwa anampapasa bega kama mtu anayepapasa kitambaa kujua ubora wake. Sijawahi kumwona mdogo wangu akiwa mkubwa kama siku ile. Nilijisikia fahari, na nilifikiri kwamba hata kama maisha yangu yote yamekuwa ya kuzungukazunguka, hili moja nimelileta nyumbani likafaa.

Fahari hiyo ilikaa hadi mwezi wa tisa.

Nilikuwa chumba cha ndani namsomea daktari namba za fomu, yeye anaandika kwenye kompyuta. Tukafika kwa mwanamume mmoja wa Muze. Akasema huyo afutwe, kwa sababu mwenyewe amekiri alitumia kondomu.

"Kwani kondomu ina nini?" niliuliza.

"Ina mafuta na unga unaoziua. Hata ile isiyoandikwa kwamba inaua, inaua. Ndiyo maana tumekataza."

"Hata ikiwa imetobolewa?"

Aliacha kuandika. Alinigeukia na kiti chake chote.

"Imetobolewaje, kaka?"

Nilimwambia yote. Sikuwa na namna ya kusimulia nusu. Nilimweleza kuhusu komunyo, kuhusu sindano, kuhusu boksi la zahanati, na neno "kawaida" nililoliandika kwa mkono wangu. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani akafunga macho.

"Mimi ni Mmoraviani, si Mkatoliki," alisema baadaye. "Miezi yote hii nawashangaa wanaume wa hapa wanavyoniambia watakuja halafu hawaji, nikasema ni aibu tu. Ningeuliza. Kuna vifuko maalumu visivyo na dawa, vinatengenezwa kwa watu wenye shida hiyo hiyo. Ningeagiza." Alifungua fomu ya mdogo wangu. "Hii siwezi kuibakiza kwenye utafiti, na yeye siwezi kumwacha hivi. Lazima ajue kwamba hatujui. Na mkewe ana miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Basi naye aangaliwe. Mirija, homoni, kila kitu. Umri wake haungoji. Nimwite nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Nilisema nitamwambia mimi. Ilikuwa haki yangu kubeba hilo, nilifikiri.

Nilimkuta mdogo wangu shambani anainua matuta. Nilichukua jembe la pili nikaanza upande wa pili wa tuta lake, kwa sababu ni rahisi kusema mambo kama hayo mkiwa wote mmeinama. Nilimweleza taratibu. Hakuacha kulima. Udongo uliendelea kupinduka, majani chini, udongo juu, kama alivyotufundisha baba.

"Kwa hiyo hazijafa," alisema.

"Hatujui. Zile zilikufa kwa kondomu. Zako zenyewe hatujui."

"Daktari anataka nirudie."

"Anataka. Ana njia nyingine sasa, haina dhambi. Utumie kifuko chake."

Alilima hadi mwisho wa tuta, akarudi. Alijifuta jasho kwa kiwiko.

"Nikirudia zikaonekana nzima, mama atamwangalia nani?"

Nilimwambia maneno ya daktari, kwamba mkewe naye apimwe, kwamba huenda kuna kitu cha kutibika, kwamba kila mwaka unaopita una uzito wake. Alinisikiliza hadi mwisho, mdogo wangu ni msikilizaji mzuri.

"Kaka, wewe utaondoka. Mwakani au mwaka wa kesho kutwa utaondoka, tunakujua. Sisi ndio tutabaki na mama. Mke wangu sasa anaamka asubuhi anaimba. Wewe hukuwahi kumsikia akiimba, hukuwepo. Na mimi nilikuwa nimeanza kusahau."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshasema mbele ya baba mdogo. Imepita." Aliinua jembe. "Usimwambie mke wangu. Niahidi."

Nilimwahidi. Daktari nilimwambia amekataa, kwa ukweli wake, bila kupamba. Akasema ni haki yake, akapiga mstari juu ya namba ya mdogo wangu, akaandika kwamba amejitoa.

Kisha mama akaanza kumtibu. Mwanawe alikuwa amekiri ugonjwa, na kwa mama ugonjwa unatafutiwa dawa. Aliulizia hadi akaambiwa kuna mzee Mtowisa mwenye mizizi ya wanaume. Mimi ndiye mwenye pikipiki, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Tulishuka ukingo wa bonde kwa mawe yale, joto likipanda kila tulivyoshuka, koti moja baada ya jingine likivuliwa, na mdogo wangu nyuma yangu amenishika kiunoni kama tulipokuwa wadogo. Mzee alimuuliza maswali mawili matatu, akamsagia unga wa kahawia, akasema anywe kwenye uji kila asubuhi hadi mvua zitakapokatika. Njiani kurudi nilisimamisha pikipiki.

"Utakunywa hivi hivi? Hujui kama unaumwa."

"Nisipokunywa mama atauliza kwa nini."

"Daktari anasema dawa nyingine zenyewe ndizo zinazoharibu."

"Basi zitaharibu," alisema. "Twende, jua linatuunguza."

Alikunywa. Asubuhi nyingine alitoka nje akatapika nyuma ya zizi la mbuzi, akarudi akifuta mdomo akasema ni uji umekuwa moto. Alikonda. Shemeji alimshonea suruali upya kiunoni.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya kupanda ulezi, mama alitoka na kapu lake akamkabidhi shemeji. "Leo utarusha wewe, miguu yangu imechoka." Nilikuwapo. Shemeji alirusha kwa mkono mpana, mzuri, na mama alikaa ukingoni mwa shamba akimwongoza, sogea huku, hapo umeruka. Mwanamke mmoja alipita njiani akasimama, akaangalia, akaendelea na safari yake. Mdogo wangu alikuwa anafukia nyuma ya mkewe, jasho linamtoka kuliko kazi ilivyostahili. Nilimwangalia nikaona siwezi tena. Nilikuwa nimeahidi, lakini kuna ahadi ambazo ukizitunza zinamla mtu mwingine.

Nilimngoja shemeji hadi mchana, aliporudi nyumbani kutangulia kupika. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nyuma ya jiko. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Shemeji, kuna jambo la sampuli ile ya mwezi wa saba."

Mikono yake iliendelea.

"Ile kondomu," nilisema, na nikaona aibu hadi masikioni. "Ile kondomu ndiyo iliyoziua. Majibu yale hayakuwa majibu. Inawezekana mumeo hana tatizo."

Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Shemeji, mimi nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo, lakini—"

"Sindano ni yangu. Nilikuwa nashona sketi, akaja kuiomba." Alicheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Na karatasi yako aliiacha juu ya meza. Aliisoma juu juu, mimi niliisoma yote. Niliona imeandikwa usitumie kondomu. Nikafikiri watu wa hospitali wanapenda kukataza. Majibu yalipotoka ndiyo nikajua walikuwa na maana gani."

"Siku ile ile?"

"Pale pale kwenye kiti. Daktari anasema zote zimekufa, mimi naiona ile sindano."

"Mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipoacha maharage.

"Nilitaka kusema njiani. Nilikuwa napanga maneno. Lakini Jumapili ikafika, mume wangu akasimama, mama akaniita mwanangu. Shemeji, miaka tisa mimi nilikuwa nafukia. Wewe ulikuwa Tunduma huko unauza nguo." Alisema bila ukali, kama anayetaja umbali. "Nilisema nipumzike wiki moja. Kisha wiki nyingine. Kila siku najiambia kesho nitamwambia, na kila siku ananisalimia asubuhi kwa upole mpya. Sasa anakunywa ule uchafu. Unadhani simsikii anavyotapika?"

"Daktari anasema nawe uangaliwe. Anasema umri—"

"Umri naujua, ni wangu." Alirudi kwenye ungo. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa nyingine: "Yeye anajua? Umemwambia?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Ningejibu ndiyo, angejua kwamba mumewe anakunywa mizizi ya Mtowisa kila asubuhi kwa kumfichia yeye, na pengine wangekaa wote wawili siku hiyo hiyo wakaenda kwa daktari. Au pengine asingeweza kuubeba wema huo, angesimama mbele ya mama akasema yote. Sikujua lipi. Nilichokumbuka ni mdogo wangu ameinua jembe ananiambia niahidi, na kwamba ahadi hiyo nilikuwa nimeshaivunja nusu nzima.

"Hajui," nilisema.

"Basi usimwambie. Niache hadi mavuno. Ulezi nilioupanda ukiota ukakomaa, mama akauona kwa macho yake, nitamwambia mwenyewe. Niahidi, shemeji."

Nikaahidi tena.

Utafiti ulimalizika kabla ya mavuno. Daktari alifunga hadubini kwenye sanduku lake, akaizungushia mablanketi. Nilimsaidia kubeba. Tulipobakiwa na kikabati cha joto tu, aliuliza.

"Ulimwambia mkewe?"

"Nimewaambia wote wawili."

"Pamoja?"

"Mmoja mmoja. Kila mmoja anasema mwenzake asijue."

Alikaa juu ya kikabati. Nilidhani atanipa neno la kisomi, namna ya kutoka. Alinitazama kama alivyotazama zile sampuli zisizo na sababu.

"Namba yangu unayo," alisema. "Wakiamua, hata kama nipo mbali, nitawaelekeza kwa mtu. Wakiamua mapema." Ijumaa aliondoka.

Mimi sikuondoka, ingawa mguu ulikuwa unaniwasha. Nilikwenda kwao asubuhi moja wiki iliyofuata. Mama alikuwa amekoroga uji, amepima ule unga kwa kijiko, amempa mdogo wangu kikombe. Ulezi ulikuwa umeota vizuri, hilo lilikuwa limezungumzwa sana, mama alilisema tena nilipoingia. Mdogo wangu alikunywa kwa mkupuo huku ameangalia ukuta. Shemeji alipokea kikombe, akakisuuza mara mbili, akakishika mkononi kwa muda kabla hajakifunika juu ya kichanja. Hakuna aliyeniangalia.

"Wewe uliyefanya kazi na wataalamu," mama aliniambia, "hebu sema kweli yako. Hii itamsaidia mwenzako?"

Wote wawili waligeuka wakanitazama, mmoja kutoka benchi, mwingine kutoka mlangoni.

"Tungoje, mama," nilisema.

"Tunangoja," alisema mama, akaniwekea na mimi uji.